Kikaango Nilichokipigia Ngoma

Jumatatu asubuhi Shangazi alitoka nyuma ya kaunta na ufunguo mpya shingoni, umening'inia kwenye kamba ya kiatu, akasimama katikati ya duka lake la vyombo kama refa anayetaka kurusha sarafu. Mimi na Binamu tukaacha kupanga vifuniko.

"Mnauona huu?" akauliza. "Ni wa kile chumba cha ng'ambo ya barabara, chenye mlango wa buluu. Kuanzia mwezi ujao kitakuwa duka langu la pili, na mmoja wenu ndiye atakayelishika. Mmoja. Nikiwaweka wawili mtarushiana sahani."

Moyo wangu haukusubiri amalize. Ulishavuka barabara, ukafungua mlango wa buluu, ukaanza kufagia.

"Jumamosi," Shangazi akaendelea, "anakuja Mpishi Mkuu wa bweni la wauguzi wanafunzi. Anataka vikaango kumi na viwili, vile visivyogandisha, na anataka vya bei ya mtu wa kawaida. Ameshaliwa mara mbili na maduka mengine, kwa hiyo anakuja na macho manne. Atakayemshawishi, ufunguo ni wake."

"Lakini Shangazi," nikasema, "huyu ni binti yako wa kumzaa. Hapo mechi imeshauzwa."

"Nyumbani ni mwanangu. Hapa nina wauzaji wawili: mmoja haongei, mwingine hanyamazi. Mngepikwa chungu kimoja ningepata mtu wa maana."

Kweli tupu. Mimi tangu darasa la pili naitwa Redio, na Shangazi husema fundi aliyeniunda alisahau kitufe cha kuzimia. Binamu ni kinyume changu. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake linakuja na chai ya saa nne. Mteja akimwuliza bei, anaionyesha kwa kidole. Nilipomtazama siku ile nilimwonea huruma, kisha nikaiacha huruma pembeni, maana nilikuwa na haraka ya kushinda.

"Pole, Binamu," nikamwambia. "Nikishafungua kule nitakuajiri, uwe unapangusa vumbi."

"Asante," akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la siku.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua. Dukani tulikuwa na aina tatu za vikaango vya bei nafuu visivyogandisha. Mimi nilichagua kwa sekunde nne: chekundu, chenye maua ubavuni na kifuniko cha kioo. Kilikuwa kinang'aa hadi unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Binamu alichukua saa nzima.

Aliweka kila kimoja juu ya kioo cha kaunta, akakibonyeza ukingoni kwa kidole aone kama kinayumba. Chekundu changu kikayumba kama mlevi. Akavipima mkononi, kimoja kulia kimoja kushoto. Akashika mipini akaitikisa. Wa chekundu ukalia kwekwe. Halafu akavielekeza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ndani, akipitisha kiganja juu ya ule utando mweusi unaozuia chakula kisigande, akitafuta malengelenge. Mwishowe akashika cheusi tupu, kizito kidogo, hakina ua wala kifuniko, sura yake ya mtu aliyefuatwa na deni.

"Hicho?" nikacheka. "Hicho hata kitunguu kitaogopa kukiingia."

"Chekundu ni chepesi mno," akasema. "Moto utakikunja."

Maneno sita! Nilishtuka hadi nikakirudisha chekundu rafuni. Lakini mimi si mtu wa kukubali kushindwa hadharani. Nilizunguka duka mara mbili nikipiga mluzi, kisha nikachukua cheusi kilekile na kutangaza, "Nimefanya uchunguzi wangu binafsi."

Mchana huohuo nikaweka meza mlangoni: jiko dogo la gesi, trei ya mayai, na kikaango changu ambacho nilikibatiza jina la Bingwa. Nilikuwa na elimu yangu kuhusu wateja. Mteja huvutwa kwanza kwa sikio, halafu kwa jicho, pesa zinafuata nyuma zenyewe. Kwa hiyo nilichukua kijiko kikubwa cha chuma nikawa nakipiga Bingwa kama ngoma. Kwa ndani, siyo kwa nje. Ukipiga kwa nje kinalia kama kengele ya shule, watu wanakumbuka viboko. Ukipiga kwa ndani sauti inatoka nene, tum-tum-tata, na miguu ya wapita njia inaanza kukosea hatua.

Wakishakusanyika, nawasha moto hadi mwisho wa kitufe. Bingwa anaanza kutoa kijimoshi. Napasua yai, linaingia bila tone la mafuta, nainamisha kikaango, na yai linatembea! Linakwenda kushoto, linakwenda kulia, linazunguka kama mtoto kwenye sakafu iliyopigwa sabuni. "Teleza, yai, teleza!" napiga kelele, na watu wanaitikia. Mwisho wa onyesho, yai likishatolewa, namwaga kikombe cha maji baridi ndani ya kikaango kikiwa bado cha moto. Tshaaa! Wingu la mvuke linapanda, mimi natokea katikati yake nimenyoosha mikono.

Jamani, niliuza! Fundi cherehani wa mlango wa pili aliacha suruali ya mtu nusu mguu akaja kuangalia. Hadi Jumatano nilikuwa nimeshauza vikaango tisa. Binamu alikuwa ameuza kimoja, tena kwa mteja ambaye naye hakuwa mwongeaji. Walitazamana tu, wakaelewana.

Jumatano jioni, tukifunga, Binamu alimchukua Bingwa mezani. Akamwinamisha kwenye taa, akapitisha ncha ya kidole ndani yake polepole, kama daktari anayetafuta panapouma.

"Unakiua," akasema.

"Nani anaua? Siku tatu nimekipiga na yai bado linateleza. Hiki kina moyo wa simba, Binamu. Wewe umeuza vingapi?"

"Kimoja. Kizuri chajiuza."

"Kizuri kikijiuza, mimi na wewe tutakula nini?"

Hakucheka. Alirudi rafuni kwake, akaendelea kuweka kipande cha kitambaa kati ya kikaango na kikaango ndipo avipange.

"Unavivika nguo za kulalia?" nikamchokoza. "Usisahau kuviimbia."

Ijumaa, yai la tatu lilisita kidogo. Nilitikisa mpini, likasita tena, kisha likajikokota. Niliwaambia watu kwamba yai hilo lina aibu, ni mara yake ya kwanza mbele za watu. Wakacheka, nami nikacheka, nikalala usingizi wa mtu aliyeshashika ufunguo.

Jumamosi saa tatu Mpishi Mkuu akafika. Nilitegemea jitu la mama. Akaja mwanamke mfupi, mwembamba, mikono imejaa vidoadoa vya kuunguzwa na mafuta ya miaka mingi. Alimsalimia Shangazi kwa adabu zote, akakataa kiti, akakataa soda, akaniangalia kutoka kandambili hadi kofia.

"Wewe ndiye mwenye kelele zinazosikika hadi kituo cha basi?"

"Ndiye mimi, Mama. Karibu kwenye maajabu."

"Maajabu nayajua. Duka la mwisho waliyapaka mayai yao kitu, sijui nini." Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mna mayai mawili. "Leo nimekuja na ya kwangu."

Watu wakashangilia kama timu imeingia uwanjani. Nami damu ilinichemka kwa raha! Huyu ndiye mteja! Nikamshika Bingwa, nikapiga ngoma ambayo sijawahi kuipiga, tum-tum-tata-tum, nikawasha moto hadi mwisho, kijimoshi kikapanda. Mpishi Mkuu akapasua yai lake mwenyewe, akalimimina mwenyewe.

Nikainamisha kikaango. "Teleza, yai, te..."

Yai lilikaa. Nikatikisa. Likakaa. Lilikaa kama mpangaji anayesubiri polisi ndipo atoke. Nikatikisa kwa mikono miwili. Kiini kikapasuka, kikatiririka peke yake hadi ukingoni, na ule ute mweupe wote ukabaki umeng'ang'ania katikati, ukianza kunuka kuungua.

"Redio!" fundi cherehani akapiga kelele. "Leo betri zimekwisha!"

Kicheko kilichofuata sitaki kukisimulia. Mpishi Mkuu peke yake hakucheka.

"Kikaango hiki kina muda gani?" akaniuliza.

Mdomoni mwangu kulikuwa na majibu matatu, yote ya uongo na yote matamu. Kwamba gesi imechafuka. Kwamba yai lake ni la zamani. Kwamba hiki kimoja kilitoka kiwandani na kasoro. Nikafungua mdomo nichague, likatoka la kweli.

"Siku sita, Mama."

"Siku sita!" Akakunja kile kitambaa chenye yai lililobaki. "Mimi nina wapishi watano na wanafunzi mia mbili. Nikitoa hela za bweni kwa kitu cha siku sita, nitapika nikiwa nje ya lango. Mama mwenye duka, asante. Vya bei rahisi vyote ni baba mmoja mama mmoja."

Akageuka. Nilimwona Shangazi ameshika ule ufunguo kifuani kwa ngumi. Nikamwona Binamu mlangoni, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka. Macho yake yalikuwa yanamfuata Mpishi Mkuu, midomo inacheza. Ile ndiyo nafasi yake, na ilikuwa inaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Na mimi je? Yangu ilikuwa imeshaungua pale kwenye jiko. Kama ningenyamaza tungekosa wote wawili, na duka zima lingetoka na jina baya.

"Mama, subiri!" nikapaza. "Hakikufa chenyewe. Nimekiua mimi!"

Akasimama. Akarudi hatua mbili. "Umekiuaje?"

"Kwa kijiko cha chuma, Mama. Siku sita nakipigia ngoma."

"Kwa nje?"

"Kwa ndani. Sauti ya ndani ni nene."

Akauchukua mwiko uliokuwa kwenye rafu, akakwangua mabaki ya yai, akainamisha kikaango kwenye jua. Ndani kulikuwa na michubuko kama barabara za mji mzima zimechorwa humo, na katikati utando umetoka kabisa, chuma cheupe kinachungulia.

"Na moto?"

"Hadi mwisho wa kitufe. Tena kikiwa kitupu."

"Na hivi kwa nini kilikuwa kinayumba juu ya jiko?"

"Maji baridi, Mama. Kikiwa cha moto. Ni kwa ajili ya mvuke. Watu wanapenda mvuke."

"Tunaupenda kweli!" akaitikia fundi cherehani.

Mpishi Mkuu akakiweka mezani, akakisukuma ukingoni. Kikazunguka kama pia. Kitako kilikuwa kimevimba tumbo. Akaniangalia kwa muda, nikaona kona ya mdomo wake inapigana na kitu.

"Hakuna mtu aliyekuambia?"

"Aliniambia huyu hapa." Nikamvuta Binamu kwa mkono hadi mezani. "Jumatano. Nikamwambia aviimbie. Mwulize huyu, Mama. Mimi najua kupiga kelele, huyu ndiye anayejua vikaango."

Binamu akafungua ile kanga. Ndani mlikuwa na kikaango cheusi, ndugu wa Bingwa baba mmoja, ila rangi ya nje imefifia na mpini umelainika kwa kushikwa.

"Wewe mtoto!" Shangazi akaruka. "Hicho si cha jikoni kwangu? Asubuhi nimekula mkate mkavu nikidhani kimeibiwa!"

Mpishi Mkuu akakipokea. Akakibonyeza juu ya meza: hakikuyumba. Akapitisha kidole gumba ndani: laini kama kioo. "Kina miezi mingapi?"

Binamu akanong'ona.

"Sisikii."

"Anasema tisa!" nikatangaza kwa umati. "Miezi tisa, na kinapikiwa kila siku ya Mungu!"

"Mnageuzia nini?"

Mnong'ono.

"Mwiko wa mti! Chuma hakigusi humo, hata uma wa kuonjea!"

"Kuosha?"

Mnong'ono mrefu kidogo.

"Kwanza kinaachwa kipoe kabisa, ndipo maji! Sponji laini, siyo waya wa kusugulia masufuria! Na tone la mafuta kabla ya kupika, hata kama muuzaji mjinga alikuambia hakihitaji!" Hilo la muuzaji mjinga lilikuwa lake Binamu, naapa. Nilikuwa nachapwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Na moto?"

Akanong'ona, nami hapo nikaona nitie chumvi kidogo, maana umati ulikuwa umepoa. "Moto usizidi nusu! Hata kama umeamka umegombana na mumeo, hasira zisiende kwenye kitufe cha jiko!"

"Sijasema hivyo!"

Sauti hiyo ilitoka wapi, sijui. Ilivuka barabara. Fundi cherehani alidondosha tepu yake ya kupimia. Binamu alikuwa amenigeukia, mikono kiunoni, macho makali kuliko ya mama yake.

"Nimesema moto wa wastani! Basi! Ukikipasha kitupu hadi kitoe moshi, utando unaungua, na ukiungua haurudi. Usiniongezee maneno, Redio!" Halafu akamgeukia Mpishi Mkuu, na ile sauti ikabaki palepale juu, kama taa iliyosahauliwa. "Mama, nipe hilo yai la pili."

Akapunguza moto. Akadondosha tone la mafuta, akalitandaza kwa kipande cha karatasi. Akangoja. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Yai likaingia, likanung'unika taratibu, kingo zikaanza kukaza. Watu arobaini, na unaweza kusikia cherehani haishoni. Akainamisha kikaango.

Yai likateleza hadi ukingoni, likarudi, likateleza tena, likahamia kwenye sahani mzimamzima na kiini chake kimekaa katikati kama mfalme.

Nani alipiga kelele kuliko wote? Mimi! Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye vyungu vilivyotundikwa mlangoni. Nilimbeba Binamu nikamzungusha, nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nashangilia kushindwa kwangu. Nilikumbuka nilipomweka chini.

Mpishi Mkuu alikula lile yai, lote, amesimama. Akafuta vidole. "Nitavichukua kumi na viwili. Kwa huyu binti." Kisha akashusha pumzi. "Tatizo langu ni moja. Wapishi wangu wote ni kama huyu." Akanielekezea kidevu. "Vijiko vya chuma, moto hadi dari, maji baridi kwenye chuma cha moto. Mwezi hautaisha."

"Nitakuja kuwaelekeza," Binamu akasema.

"Wewe watakuitikia 'ndiyo' mbele ya uso, nikigeuka wanaendelea. Namtaka huyu muuaji. Aje Jumatatu, na maiti yake mkononi. Waone kwa macho, na wasikie kwa mdomo wa aliyetenda. Akiwafundisha vizuri, kuna mabweni mengine mawili yananisikiliza."

Shangazi alivua ile kamba ya kiatu shingoni, akamvisha Binamu. Iliniuma, nisidanganye. Iliniuma hapa chini ya mbavu, kwa sababu usiku ule wa Ijumaa nilikuwa nimeshachagua hadi rangi ya rafu. Binamu akaushika ufunguo, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona hajui afanye nini na uso wake.

"Usinionee huruma," nikamwambia. "Mimi sikukuonea."

"Sikuonei," akasema, kwa ile sauti yake mpya. "Safisha hiyo meza."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye jiko la bweni, mkono wa kulia Bingwa marehemu, mkono wa kushoto kikaango kipya kabisa. Jiko lenyewe refu kama ukumbi, masufuria ya kuogeshea tembo, na mbele yangu wapishi watano wamefunga mikono kifuani. Sijawahi kuwa na wateja ambao wameshanunua tayari na bado hawanitaki.

Nikawapitishia marehemu, mkono kwa mkono. Nikawaeleza kila kitu, pamoja na mvuke na jinsi nilivyonyoosha mikono ndani yake. Wa tatu akaanza kutetemeka mabega. Wa nne alilia machozi kwa kucheka. Wa tano, mama mmoja mkubwa ambaye wote walimwita Nahodha, hakutikisika. Mkononi alikuwa na kijiko cha chuma kirefu kama kasia.

"Mwanangu," akasema, "hiki nimekaa nacho miaka kumi na tisa. Nilipokuja hapa, hata mlango huu haukuwepo."

"Nakipa shikamoo yake, Mama. Kibaki kwenye masufuria makubwa, huko ndiko nyumbani kwake. Hapa jaribu huu." Nikampa mwiko, na kile kikaango kipya nikakiweka juu ya jiko.

Akaugeuza, akaunusa, akaniangalia kama nimempa njiti ya kibiriti achotee maji. Lakini akausogelea moto, akaupunguza mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. Tone la mafuta. Yai. Wenzake wanne wakamzunguka, nami nikachungulia kati ya mabega yao nikiwa nimesimama kwa vidole, moyo unakwenda mbio kuliko Jumamosi. Akapenyeza ncha ya mwiko chini ya kingo, akasukuma kidogo tu, na yai likaondoka lote kwa mpigo mmoja.

Nahodha akainama, akatazama kikaango kitupu. Hakukuwa na alama.

"Haya," akasema bila kugeuka, "leteni trei nzima."